Waipa za gari la zamani: tafuta kasoro kabla ya kununua mota

Waipa za gari la miaka ya 1960 au 1970 zikianza kujikokota, jibu la haraka gereji ni kwamba mota imekufa. Mara nyingi haijafa. Kuna grisi ya miaka 40 iliyoganda kama nta kwenye gia, kuna ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari) iliyoshikwa na kutu, au kuna mhimili wa mkono wa waipa uliokauka mpaka hauzunguki. Ukinunua mota nyingine Kisekka, soko la vipuri la Kampala, ukaifunga kwenye mitambo hiyohiyo mikavu, nayo itaungua msimu huohuo wa mvua.

Kuna sababu nyingine ya kuihurumia mota uliyonayo. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza nchini gari lenye miaka 15 au zaidi, kwa hiyo vipuri vya Land Rover ya Series, Volkswagen Beetle, Peugeot 504 au Mercedes-Benz W123 hutoka kwenye magari yaliyokuwa hapa tayari, au huagizwa kimoja kimoja kutoka nje. Mota ya zamani inayotengenezeka si ya kumpa mtu wa chuma chakavu.

Kazi yenyewe huchukua saa tatu hadi siku nzima. Ifanye Januari au Julai. Usingoje Machi au Septemba, mvua ikiwa juu ya kichwa.

Vifaa

Mita ya umeme yenye tundu la ampea 10, spana namba 8, 10 na 13, bisibisi bapa na ya nyota, plaizi mbili, waya mbili nene za kujaribia zenye klipu, fyuzi ya ampea 10 ya kufunga kwenye waya ya majaribio, msasa laini wa 600, mafuta ya taa nusu lita, spiriti, grisi ya lithiamu, mswaki wa zamani na vitambaa. Tafuta pia mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki mwaloni. Utaona kazi yake.

Sikiliza kabla ya kufungua

Mwaga maji kwenye kioo kwanza. Kujaribu waipa kwenye kioo kikavu kunadanganya, kwa sababu raba hukwama na mota yoyote itaonekana dhaifu. Pia vumbi jekundu la marram lililolala kwenye kioo litakichora mistari ambayo hutaiondoa tena.

Washa swichi ya gari, kisha waipa, ukiwa kimya.

Kama hakuna sauti yoyote, kasoro iko kwenye njia ya umeme: fyuzi, swichi, ethi, au brashi za kaboni ndani ya mota (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimeisha. Mota ikilia lakini mikono haisogei, kuna kitu kimeachia, ama nati ya mkono, ama kiungo cha fimbo, ama meno ya gia yameliwa. Ikitetemeka na kupasha moto bila kuzunguka, kuna kitu kimekaza. Izime mara moja, maana mota iliyozuiwa huku inakula umeme huungua kwa dakika chache tu.

Zikienda polepole, fanya jaribio ambalo watu wengi hulisahau: inua mikono yote miwili ya waipa isiguse kioo. Zikichangamka vizuri, mota yako ni nzima au karibu na nzima, na shida iko kwenye raba, kioo au nguvu ya springi. Zikiendelea kujikokota hata hewani, endelea hapa chini.

Fyuzi na ethi

Chomoa fyuzi, usiitazame tu. Za Kijerumani za zamani, zile zenye ncha mbili kama risasi, huota ukungu mweupe kwenye ncha na kukata umeme huku waya wake ukiwa mzima. Zisugue kwa msasa, sugua na vishikizo vyake, vibane kidogo kwa plaizi. Nyeupe ni ya ampea 8, nyekundu ni ya 16.

Fyuzi za kioo za magari ya Kiingereza zina mtego wake. Fyuzi ya Lucas, kampuni ya Kiingereza ya vifaa vya umeme wa gari, iliyoandikwa 35 ina maana kwamba hukatika ikifika ampea 35. Mzigo inaoubeba kwa kudumu ni 17. Fyuzi ya kioo ya kisasa iliyoandikwa 35 hubeba 35 mfululizo. Ukiweka hiyo, waya za gari ndizo zitakazogeuka fyuzi. Weka ya kisasa ya 15 au 20.

Sasa ethi. Weka mita kwenye volti 20 DC. Waipa zikiwa zinafanya kazi, gusisha ncha moja kwenye terminali ya betri iliyofungwa kwenye bodi, na ncha nyingine kwenye terminali ya ethi ya mota. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, ethi ni mbovu. Gari lililopakwa rangi upya ndilo mshukiwa wa kwanza: fundi wa rangi amepulizia mahali bolti ya ethi inapokaa, na umeme haupiti kwenye rangi. Kwangua mpaka chuma king'ae, funga, kisha paka grisi juu yake kuzuia kutu.

Rudia upande wa pili: ncha moja kwenye terminali ya betri inayotoa umeme, nyingine kwenye waya unaoingia kwenye mota. Zaidi ya volti 0.5, umeme unapotelea njiani, na mara nyingi ni ndani ya swichi ya dashibodi. Beetle za mwanzo zilizo na betri ya volti 6 ndizo huumia zaidi. Mota yenye nguvu ileile huvuta ampea mara mbili ya ile ya volti 12, kwa hiyo kiungo kile kile kichafu hula volti mara mbili, tena kutoka kwenye betri yenye nusu ya volti. Kwenye magari haya kusafisha viungo peke yake huweza kurudisha waipa kwenye mwendo wake.

Kumbuka pia magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwaka 1967 hivi hufunga chanya kwenye bodi badala ya hasi. Tazama betri kabla ya kuunganisha chochote. Mota ya koili mbili, ya ndani inayozunguka na ya nje, haijali, itazunguka upande uleule. Lakini mota ya sumaku, yenye sumaku badala ya koili ya nje, ikigeuziwa nyaya itazunguka kinyume.

Jaribu mota peke yake

Chomoa soketi ya nyaya. Funga ile fyuzi ya ampea 10 kwenye waya wako wa chanya.

Kwenye mota ya Lucas 14W, iliyofungwa kwenye magari mengi ya Kiingereza ya mwisho wa miaka ya 1960 na ya 1970, terminali zina namba 1 hadi 5. Hasi iende namba 1. Chanya kwenye namba 5 inatoa mwendo wa kawaida, kwenye namba 3 mwendo wa kasi. Namba 4 ni umeme wa kuegesha, yaani wa kufikisha mikono chini baada ya kuzima, namba 2 ni njia ya kurudi kwenye swichi. Kwenye mota za Kijerumani namba zinafuata utaratibu wao: 31 ni hasi, 53 mwendo wa polepole, 53b kasi, 53a umeme wa kuegesha.

Kama mota imetenganishwa na kebo yake inayosukuma mikono, iache izunguke dakika 1, kisha usome ampea, mita ikiwa kwenye laini ya waya wa chanya. Lucas 14W nzima huvuta takriban 1.5 kwenye mwendo wa kawaida na 2 kwenye kasi. Ekseli ya gia huzunguka mara 46 hadi 52 kwa dakika, na 60 hadi 70 kwenye kasi. Piga alama ya chokaa na uhesabu. Mota ya zamani zaidi, Lucas DR3A, huvuta 2.7 hadi 3.4. Usiizuie kwa mkono ukiwa na mita kwenye laini: DR3A iliyozuiwa huvuta ampea 13 hadi 15, na fyuzi ya mita yako itakwenda.

Ampea nyingi na mwendo mdogo maana yake kuna msuguano, au koili zimeshikana. Ampea kidogo na mwendo mdogo, umeme haupiti vizuri: brashi au komyuteta, yaani ile pete ya shaba yenye mistari ambayo brashi hulalia.

Mitambo: hapa ndipo kasoro nyingi hujificha

Kabla ya kutoa mikono, bandika kipande cha selotepu kwenye kioo mahali kila raba inapolala. Mikono mingine hushikwa na nati, mingine na klipu ndogo unayoinyanyua kwa bisibisi huku ukivuta mkono juu. Ikigoma, mwagia mafuta mepesi na ungoje usiku mzima. Ukiichokonoa kwa bisibisi kubwa kutoka chini, utapasua kioo, na kioo cha 504 hakiokotwi.

Magari yenye mota hizi za Lucas hutumia kebo iliyosokotwa kama skrubu ndefu, inayopita ndani ya bomba na kusukuma gia mbili ndogo zilizo chini ya mikono. Mikono ikiwa nje na kebo imetolewa kwenye mota, funga ndoano ya mizani kwenye ncha ya kebo na uivute. Inatakiwa iteleze kwa uzito usiozidi kilo 2.7. Ikidai kilo 5 au 6, umemkamata mwizi, na mota haina hatia.

Chomoa kebo yote. Itatoka na grisi nyeusi ngumu, pengine na mchanga. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, pitisha waya wenye kitambaa ndani ya bomba, kagua kama bomba limebonyea au limekunjwa kona kali. Zungusha kila mhimili wa mkono kwa vidole: unatakiwa kugeuka bila kukwaruza na bila kuchezacheza. Uliokauka hurudi kwa matone machache ya oili kila dakika 10 huku ukiugeuza. Unaochezacheza sana, bushi (pete inayoshika mhimili) imeisha. Fundi wa mashine ya kuchonga huko Katwe anaweza kukuchongea nyingine ya shaba ukimpelekea mhimili wenyewe akapima. Usimpelekee vipimo vya karatasi.

Meno ya gia hizo ndogo yakiwa yameliwa upande mmoja, usikimbilie kununua. Gia haizunguki yote, huenda na kurudi tu kwenye sehemu yake. Igeuze nusu mzunguko, meno yasiyowahi kufanya kazi yaje mbele.

Peugeot, Mercedes na Beetle hazina kebo, zina fimbo na viungo vya mviringo. Huko tafuta plastiki za viungo zilizovunjika, na mihimili iliyokauka. Fimbo iliyoachia kiungo huonekana kirahisi: mkono mmoja unafuta, mwingine umelala.

Kufungua mota

Toa waya wa betri. Chora mstari kwa msumari kutoka kwenye kopo la mota mpaka kwenye kasha la gia. Usipuuze hatua hii: ukirudisha kopo la mota ya sumaku likiwa limegeuka nusu mzunguko, mota itakwenda kinyume, na utatafuta kasoro kwenye nyaya siku mbili.

Fungua kifuniko cha gia kwanza. Piga picha ya washa na klipu zilivyopangana, maana zimo nyembamba na nene. Ukiona grisi ya rangi ya kahawia inayokatika kama sabuni ya mche, ikwangue kwa kijiti, osha gia kwa mafuta ya taa na mswaki, kausha kabisa.

Halafu fungua bolti mbili ndefu na uvute kopo. Sumaku zitang'ang'ania amecha, sehemu ya katikati inayozunguka, kwa hiyo vuta sawasawa, usigonge. Sumaku za namna hii hupasuka kama kigae. Weka kopo kwenye kitambaa safi mbali na unga wa chuma, la sivyo utakaa jioni nzima ukiokoa vumbi la msumeno kwa selotepu.

Itazame komyuteta. Ikiwa nzuri ina rangi ya chokoleti nyepesi na inang'aa. Ikiwa nyeusi, izungushe ndani ya ukanda wa msasa wa 600 mpaka shaba itokee. Usitumie msasa wa kitambaa wa vyuma: chembe zake huingia kwenye mistari na kuunganisha vipande. Mistari yenyewe isafishe kwa kijiti cha meno kilicholoweshwa spiriti. Mita ikiwa kwenye omu, ncha moja kwenye shaba na nyingine kwenye ekseli, isisome chochote. Ikisoma, amecha imevuja na inahitaji kusukwa upya. Kwenye DR3A pima pia koili ya nje: omu 8 hadi 9.5.

Brashi za 14W zisipungue milimita 4.8. Ile ya tatu, ya mwendo wa kasi, ina ngazi: sehemu nyembamba ikiisha na sehemu pana ikianza kugusa shaba, ibadilishe. Za gari lako zikikosekana, nunua brashi za drili ya umeme zilizo kubwa kidogo, uzisugue kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka ziteleze kwenye nyumba zake bila kubanwa na bila kuyumba. Ule mkia wa shaba lazima uchomelewe kwa solda. Springi ikiachiwa kubeba umeme itapata moto na kulegea.

Kurudisha kuna ugumu mmoja: brashi huruka ndani na kuzuia komyuteta isiingie. Kata kipande cha plastiki ngumu ya dumu chenye ufa wa upana wa ekseli, sukuma brashi nyuma kwa hicho, ingiza amecha, kisha kivute. Tone mbili za oili kwenye bushi ya kila upande, si tatu, kwa sababu oili ikifika kwenye komyuteta umeharibu usafi wako wote. Gia ipate grisi kama kijiko cha chai, kwenye meno tu. Skrubu ya mwisho wa ekseli kaza taratibu mpaka iguse, irudishe robo mzunguko, ndipo ufunge nati yake.

Kuegesha

Ndani ya mota kuna swichi ndogo inayoendelea kutoa umeme baada ya wewe kuzima, mpaka mikono ifike chini. Waipa zikiganda palepale ulipozima, umeme wa kuegesha haufiki (namba 4 kwa Lucas, 53a kwa Wajerumani), au kontakti yake imechafuka. Zikikataa kuzima kabisa, kontakti haiachii. Zikifika chini, zikapitiliza na kuanza tena, breki ya umeme ya mota haifanyi kazi: kwenye 14W namba 2 na namba 1 zinapaswa kuungana mota ikiwa imeegesha. Pima kwa omu.

DR3A hurekebishwa kwa kulegeza kifuniko cha mviringo cha gia na kukigeuza milimita chache kwa wakati. Kwenye nyingine unahamisha mkono kwenye meno ya mhimili. Mota iliyotoka kwenye gari la usukani wa kushoto inaweza kuegesha upande usio wako, muulize muuzaji kabla ya kulipa.

Raba na mikono

Pima urefu kwa futi. Magari haya hutumia fupi kuliko ya leo, na ndefu itagonga fremu ya kioo au kupigana na mwenzake. Angalia pia ncha ya mkono: ndoano, au bapa ya upana wa milimita 5.2 au 7.2. Ukikosa saizi, nunua ndefu na uchomoe raba yake, uikate kulingana na fremu yako ya zamani.

Raba ikirukaruka na kupiga kelele upande mmoja tu wa safari, mkono umejipinda. Simamisha waipa katikati ya kioo: raba isimame wima, isilalie upande. Shika mkono kwa plaizi mbili zilizofungwa kitambaa, uusokote kidogo kidogo. Kabla ya hapo, osha kioo kwa sabuni, kisha spiriti. Ukungu wa mafuta ya dizeli ya malori ya njia ya Jinja hufanya raba mpya ionekane mbovu.

Mwisho, funga mikono ukifuata selotepu zako, zibandue, mwambie mtu aelekeze mpira wa maji kwenye kioo na uache waipa zifanye kazi dakika 10 kwa kasi zote mbili. Gusa kopo la mota. Likiwa la vuguvugu, sawa. Likiwa huwezi kuliacha kiganjani, rudi kwenye mizani na kebo.